Gunia linasema "Imetengenezwa Uganda", lakini ngano imelimwa wapi?

MamaChapati_Busia aliuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mnieleweshe jambo, na mnivumilie maana nitaanza mbali kidogo.

Mimi nakaanga chapati hapa Busia, upande wa Uganda, si mbali na pale trela zinapopanga foleni kuvuka. Mwaka wa 11 huu. Siku za kawaida nusu gunia la kilo 50 linanitosha, ila Jumanne na Ijumaa gunia zima linakwisha kwa sababu napeleka chapati shule moja ya bweni. Unga naujua kwa mkono. Nikitia maji ya kwanza nikakanda mara tatu nne, najua kama leo utavutika au utakatika. Gunia lile lile, jina lile lile, lakini msimu huu donge linakuwa gumu kama udongo wa mfinyanzi, msimu ujao linalegea na kunata vidoleni. Nimeyaona hayo miaka yote na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Wiki mbili zilizopita matroni wa shule akanipigia. Kuna mzazi yuko kyeyo, yaani kutafuta riziki ugenini, huko Ulaya, amesoma kwamba nchi nyingine hupulizia ngano dawa ya magugu siku chache kabla ya kuvuna ili shamba lote likauke kwa pamoja. Anataka kujua ngano ya chapati anazokula mwanawe inatoka nchi gani. Nikajibu haraka haraka, kama mtu aliyeshikwa bila risiti: "Unga ni wa hapa hapa, soma gunia, limeandikwa Imetengenezwa Uganda." Matroni akacheka. "Hajati, wewe shamba la ngano umeliona wapi?"

Nikakosa la kusema. Ngano ikiwa shambani nimeiona mara moja tu tangu nizaliwe, kule Kapchorwa, tulipokwenda kumposea mdogo wangu. Kiraka kidogo, mabua membamba, nilidhani ni nyasi za ng'ombe mpaka mwenyeji aliponisahihisha. Kiraka kile hakiwezi kulisha hata wakaanga chapati wa mtaa wetu, sembuse nchi nzima.

Hilo ningelisahau. Lakini Jumamosi ile ile nikanunua gunia la mahindi ya posho (ugali) ya nyumbani, sokoni, kwa mtu ninayemjua. Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa akichezea mahindi kwenye ungo, nikamwona ameshika kifundo cha kitambaa, ukubwa wa kitunguu saumu, anakifungua kwa meno. KWA MENO. Ndani mlikuwa na majivu ya kijivu, laini kama poda, na harufu ya samaki aliyeoza. Nilimnyang'anya nikamsukutua mdomo, nikamwosha mikono kwa sabuni mpaka akalia. Nilipomrudia muuzaji, hata hakushtuka: "Si dawa ya fukusi tu hiyo, mama, ungetupa."

Sasa sina raha. Ngano sijui imetoka wapi, mahindi najua yametoka wapi lakini sijui yamewekwa nini. Hivi gunia linaruhusiwaje kusema Uganda kama ngano si ya Uganda? Na mtu wa kawaida kama mimi anaweza kujua vipi dawa iliyomo? Nina magunia sita stoo, na Ijumaa matroni ananisubiri na jibu.

Kijana_wa_Roleksi:

Mama pole na mjukuu. Mimi mteja akiniuliza ngano ya wapi namwambia ya kwenye gunia, akiniuliza yai la wapi namwambia la kwenye kuku. Tukianza kuuliza hivi tutafunga vibanda.

Ajenti_Mstaafu:

Hajati, huyo kijana hapo juu usimsikilize, lakini usimkasirikie pia. Mimi nimekuwa ajenti wa forodha mpakani Malaba miaka 19, makaratasi ya nafaka yamepita mkononi mwangu mpaka macho yakadai miwani. Nitakueleza nilivyoyaona.

Ngano ya Uganda karibu yote huja kwa meli hadi Mombasa. Inamwagwa ikiwa wazi, bila magunia, inanyonywa na mashine kuingia kwenye maghala marefu, kisha inapakiwa kuja huku. Miaka mingine nimeona Urusi na Ukraine zaidi, mingine Argentina, mingine Australia, kutegemea bei. Na msagaji hasagi ngano ya nchi moja peke yake. Anachanganya: ngano yenye nguvu ya kuvutika, ambayo ni ghali, pamoja na ile laini ya bei ya chini. Ndiyo maana mkono wako unakwambia unga umebadilika wakati gunia halijabadilika. Mkono wako unasoma lebo ambayo haikuchapishwa, Hajati.

Sasa kuhusu neno "Uganda" kwenye gunia. Si uongo, na hapo ndipo penye utamu. Kanuni ya kimataifa ya lebo za vyakula, ile ya Codex (tume ya kimataifa ya viwango vya chakula) ya mwaka 1985, inasema hivi kwa lugha nyepesi: taja nchi chakula kinakotoka kama kuificha kutampotosha mnunuzi; lakini chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha asili yake, basi nchi ya pili ndiyo inayohesabiwa kuwa kwao. Ngano kugeuka unga ni kubadilika asili. Kwa hiyo punje iliyozaliwa kando ya Bahari Nyeusi inapata uraia wa Uganda siku inapopita kwenye kinu. Hata sisi binadamu hatupati uraia upesi hivyo.

Usichanganye hilo na cheti cha asili ya bidhaa tunachokipeleka forodhani. Kile ni karatasi ya kodi. Chukua mchele. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75, au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho unacholipa. Mchele wa Tanzania wenye cheti chake unaingia bila ushuru huo. Mwenye akili mbaya anaona faida gani hapo? Anamwaga mchele wa Pakistani kwenye gunia la Tanzania. Nimeshuhudia magunia mapya kabisa yenye mchele ambao punje zake hazifanani hata kidogo na mchele wa Mbeya. Aliyekamatwa aliulizwa kodi. Kuhusu dawa hakuulizwa hata neno.

Lakini kuna karatasi moja inayojua unachokitafuta: cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na serikali ya nchi inayouza. Kazi yake hasa ni kuthibitisha kwamba mzigo hauna wadudu na magonjwa ya mimea, hakipimi mabaki ya dawa. Ila chini yake kuna sehemu ya matibabu: tarehe, kemikali iliyotumika, muda na joto, na kiasi. Mara nyingine ni tupu, kwa sababu meli inafukizwa ikiwa safarini, na hapo kunakuwa na cheti chake cha ufukizaji. Karatasi hizo zinafika mpakani, zinagongwa mhuri, zinaingia kwenye faili. Gunia lako linaendelea na safari bila hizo.

MamaChapati_Busia:

Mzee wangu, ahsante sana. Kumbe nimekuwa nikitazama mbele ya gunia wakati habari iko kwenye faili Malaba. Hilo la cheti nimelinakili kwenye daftari langu la madeni.

Nipo_Maabara:

Hajati, kwanza mtoto. Yukoje? Kama alipata kutapika, kuumwa tumbo au kupumua kwa shida ungemkimbiza hospitali saa ile ile, na uwaambie ni vidonge vya kufukizia mahindi, maana sumu ile haina dawa maalumu ya kuiondoa. Kama siku zimepita na anacheza, mshukuru Mungu.

Alichokishika ni mabaki ya vidonge vya fosfidi ya alumini. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, gesi hiyo ndiyo inaua fukusi, na ndiyo inanuka kama samaki aliyeoza au kitunguu saumu. Kikimaliza kazi kinabaki majivu ya kijivu. Majivu yenyewe hayana makali kama kidonge kizima, ila mara nyingi ndani yake kunabaki punje punje ambazo hazijaungua zote. Ndiyo maana hayatakiwi kubaki kwenye chakula, na ndiyo maana nakuomba: ukikuta kifundo kingine usikimwagie maji wala usikifunge kwenye kavera (mfuko wa plastiki), na usikiache ndani ya nyumba. Kitoe nje penye upepo, mbali na watoto na kuku, halafu ukifukie.

Gesi yenyewe, kazi ikifanywa sawa, haiachi kingi. Ghala linafungwa kabisa siku 5 hadi 7, kisha linafunguliwa nafaka ipigwe na hewa. Codex inaruhusu miligramu 0.1 kwa kilo ya nafaka, na kwa unga ni mara kumi chini ya hapo. Hatari ni mtu anayefukiza leo na kuuza kesho, au anayelala chumba kimoja na magunia yaliyofukizwa. Kila mtu wa biashara ya nafaka amesikia kisa cha namna hiyo.

Dawa za kupulizia au kuchanganya kwenye nafaka ghalani ni habari nyingine. Malathioni, pirimifosi-methili, zile za unga unaonyunyiziwa mahindi. Hizo hazipeperuki, zinakaa, na zinakaa hasa kwenye ganda. Ukisaga ngano nyeupe sehemu kubwa inaondoka na pumba. Ukisaga yote pamoja, unakula yote pamoja. Najua wateja wenye kisukari wanakuomba chapati za atta, unga wa ngano usiokobolewa, na sisemi waache, nyuzinyuzi wanazihitaji. Nasema tu kwamba unga wa kahawia ndio ningeanza kuupima. Kwa mahindi ni hivyo hivyo: posho namba moja imekobolewa, ganda limekwenda kwa nguruwe na kuku. (Kuku nao tunawala, lakini tusifike huko leo.)

Na dawa ya magugu aliyoisoma mzazi ni glifosati. Ni kweli kuna nchi zinazoipulizia ngano karibu na mavuno, hasa zenye majira mafupi na mvua mwishoni. Tawa la chapati halimalizi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema hapana, haielekei. Mimi siwezi kuwaamulia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba Codex inaruhusu hadi miligramu 30 kwa kilo ya ngano, Ulaya ikaweka 10. Ngano ile ile ikiwa na 20 inakataliwa bandari moja na kupokelewa nyingine, na haijavunja sheria kokote ilikopokelewa.

Mnubi_wa_Torino:

Salamu kutoka Italia, mimi mtoto wa Bombo, Uganda. Hajati, nataka nikuonyeshe nchi ambayo ilishalazimisha lebo unayoitaka, ili usije ukaililia sana.

Huku tambi ndiyo posho yao. Tangu Februari 2018 kila pakiti ya tambi kavu inatakiwa iseme ngano imelimwa nchi gani na imesagwa nchi gani, vitu viwili mbali mbali. Waliopiga kelele zaidi walikuwa wakulima wao wenyewe, hawakutaka ngano ya Kanada, na hoja waliyoibeba mbele ilikuwa glifosati. Hoja ya bei waliibeba mfukoni. Nilifurahi nikasema sasa tutajua.

Niko jikoni sasa hivi, nimeshika pakiti. Imeandikwa: nchi ya kulimwa ngano, "nchi za UE na zisizo za UE". UE ni Umoja wa Ulaya, kwa hiyo maana yake dunia nzima! Sheria inaruhusu, ngano ikichanganywa kutoka nchi nyingi. Pakiti ya pembeni, iliyo ghali, imeandika Italia asilimia mia. Kwa hiyo wenye ngano ya nyumbani wameandika kwa herufi kubwa, wengine wamejificha nyuma ya "na zisizo". Lakini nakiri kitu kimoja: kule kugawa kulimwa na kusagwa kulinisaidia. Angalau hakuna anayeniambia tambi ni ya Italia kwa sababu tu kinu kipo Italia.

Na bendera haisemi kilichomo. Aprili 2023 Slovakia ilitangaza imekuta kwenye tani 1,500 za ngano ya Ukraine dawa ya wadudu ambayo Ulaya imeipiga marufuku. Waliikuta kwa sababu walipima. Siku zile zile Poland, Hungaria na Slovakia zilikuwa zinafunga mipaka kwa nafaka ya Ukraine kwa sababu wakulima wao walikuwa wanalia bei imeanguka, kwa hiyo hata mimi niliposikia habari ya dawa sikujua niitie siasa au chakula. Nadhani ilikuwa yote mawili.

Mahindi_Kiryandongo:

Nimesoma kimya kimya toka juu nikaona kila mtu anamtazama mgeni. Ngoja mimi mwenyeji niseme.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: waagizaji wajisajili, cheti cha asili kiwepo, na vipimo vionyeshe sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tulikasirika, tukasema ni siasa. Mimi pia nilisema. Lakini mahindi yangu ya msimu ule niliyaanika kwenye udongo, mvua ikanyesha juu yake mara mbili. Nilijua ninachouza.

Na kifundo kile cha kitambaa, Hajati, huenda si changu lakini kingeweza kuwa changu. Mwaka mmoja mtoto wangu alirudishwa nyumbani kwa ada. Magunia 14 yalikuwa yamefukizwa juzi yake, vidonge vimo ndani, nimevifunga kwenye vipande vya shati la zamani ili majivu yasisambae. Mnunuzi alikuja na lori usiku, akanipa hela mkononi. Sikutoa hata kifundo kimoja. Sikumwambia, naye hakuuliza, alitazama uzito na unyevu tu akiyatia punje mbili tatu mdomoni na kuziuma. Nimelifikiria lile lori mara nyingi kuliko nilivyofikiria ile ada.

Sasa natumia magunia ya tabaka tatu, mifuko miwili ya nailoni ndani na gunia la kawaida nje. Unajaza mahindi makavu kweli kweli, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake. Fukusi wanamaliza hewa iliyobaki wenyewe na kufa. Hakuna dawa. Shida ni panya na bei: gunia moja linanigharimu mara kadhaa ya gunia la kawaida, na mnunuzi haniongezei hata shilingi mia kwa sababu sina pa kuandika kwamba halina dawa. Nikiandika kwa makaa ya moto, jirani naye ataandika, vidonge vikiwa ndani.

Kijana_wa_Roleksi:

Haya mimi naomba radhi. Hiyo ya shati imenikaa kooni.

MamaChapati_Busia:

Nimerudi. Mjukuu mzima, ana kelele kama kawaida, ahsanteni kwa kumuulizia. Kifundo nilikuwa nimekitupa shimo la taka, nimekwenda kukitoa na kukifukia kama nilivyoelekezwa.

Ndugu wa Kiryandongo, ulichosema si rahisi kukisema. Namba yako nitaiomba pembeni, nataka magunia mawili ya hayo mahindi ya tabaka tatu. Bei tutaelewana, na sitatazama uzito tu.

Kuhusu ngano: Jumatano nilikwenda kwa msambazaji ninayenunua kwake. Nikamwuliza kijana wa dirishani kama ninavyouliza bei ya mafuta: "Ngano ya unga huu imefukizwa lini na kwa dawa gani?" Akamwita mwenzake, wakanitazama wote wawili, mmoja akaniuliza kama natoka UNBS, shirika la viwango la Uganda. Nikasema natoka kwenye tawa. Wakacheka, wakaniambia alama ya Q, ile ya ubora, ipo kwenye gunia, mama, nenda kwa amani. Na kweli ipo. Msambazaji wa pili hakucheka. Aliniomba siku mbili, akampigia mtu wa kiwandani, jana jioni akanitumia kwenye simu picha ya karatasi iliyopigwa kwa kivuli, nusu haisomeki. Nimeona "fosfini" kwa herufi za kizungu, nimeona tarehe ya mwezi wa pili, na nchi mbili zimetajwa. Mzee Ajenti, naomba nikutumie unisomee hiyo nusu nyingine, usiku nikifunga kazi.

Matroni nilimpa jibu Ijumaa: unga umesagwa Uganda, ngano ya nje, nchi zaidi ya moja, dawa ya magugu sijui na sitajifanya najua. Akaandika yote, akasema mzazi huyo ni wa kwanza kuuliza na chapati 300 zinaendelea.

Halafu nikachukua boksi la mafuta ya kupikia, nikaandika kwa kalamu nyekundu nikalining'iniza juu ya tawa: UNGA UMESAGWA UGANDA, NGANO IMETOKA NJE. Kutwa nzima hakuna aliyesema kitu. Jioni dereva mmoja wa trela, Msomali, akalisoma mara mbili huku akitafuna, akasema, "Na mimi pia nimetoka nje, mama. Niongezee mbili."

Ajenti_Mstaafu:

Tuma, Hajati. Miwani ninayo.